Kadi ya Ndoo Tupu

Mwanahawa alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa nimekaa barazani kwangu Bunju nachambua mchicha. Namba sikuijua, na sauti sikuitambua, maana mara ya mwisho kuongea naye alikuwa binti wa shule mwenye kiherehere cha kuwamalizia watu sentensi zao. "Shikamoo, mama mdogo. Ni Mwanahawa wa Tandika, mjukuu wa Bi Mwanaidi." Nikajua kabla hajaendelea. Bi Mwanaidi alikuwa amefariki, amezikwa, na watu wa msiba wameshatawanyika. Namba yangu walikuwa hawana, wameikuta baadaye nyuma ya kalenda ya zamani iliyobandikwa chumbani kwake. "Jumapili tunamsomea hitma ya arobaini. Njoo, bibi alikuwa akikutaja mpaka mwisho." Nikasema nitakuja, nikatoa pole, nikasema yote yanayosemwa. Alipokuwa karibu kukata akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo tu: "Halafu, mama mdogo, nina swali. Kuhusu kile kitabu ulimomwandika mama yangu. Ukija tutaongea." Mchicha ule sikuumaliza. Niliufunika kwa sinia, nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni kama mgeni.

Nimeshausimulia mwaka wa kazi ya kitabu hicho mara nyingi, kwenye harusi, kwenye semina, hata kwa wajukuu, na kila mara nimeusimulia vizuri kupita ulivyokuwa. Husimulia jinsi magazeti yalivyokuwa yakizaliwa kila mwezi, jinsi vyama vilivyokuwa vikifungua matawi na kupandisha bendera kila kona, jinsi nilivyoshika kompyuta kabla ya wenzangu wote. Watu hucheka pale pa kuchekea. Zuhura simtaji. Leo namtaja, na nitajitahidi nisijipunguzie.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba cha mwisho kushoto katika nyumba ya Bi Mwanaidi, Tandika. Ilikuwa nyumba ya ukumbi mrefu katikati na vyumba sita, uani kuna choo, jiko la kuni, na pipa la maji ambalo mwaka ule lilikuwa likikaa tupu wiki nzima. Kuku walikuwa wakitaga chini ya ngazi. Bi Mwanaidi, Mzaramo wa pale pale, mjane, alikuwa mnene wa mwili na mwepesi wa maneno, siku ya kwanza aliniuliza dini yangu, nikamwambia, akasema, "Haya, msalaba wako tundika, ila nguruwe usiniletee." Mwanawe Zuhura alikuwa amenizidi miaka mitatu hivi. Aliuza mitumba sokoni, na alikuwa na binti wa miaka minne, ndiye huyu Mwanahawa. Zuhura alikuwa akiingia chumbani kwangu bila hodi, anajitupa kitandani, ananuka ile harufu ya robota lililofunguliwa, ananiuliza habari za kazi. Kazi yangu ilikuwa ikimchekesha kuliko kitu chochote. "Yaani watu wakipigana, nyie mnalipwa kuandika wamepigana?" Nikamwambia ndiyo. "Na wakipatana?" Nikamwambia wakipatana hatuandiki. Alicheka mpaka akakohoa.

Hakukosea sana. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga Mabibo, sebule imejaa magazeti mpaka dirishani. Mradi ulikuwa wa chuo kimoja cha ng'ambo, na msimamizi wetu alikuwa mwalimu wa chuo, mtu wetu hapa hapa, mwembamba, kalamu tatu mfukoni. Tulimwita Dokta basi. Tulisoma kila gazeti kutoka juu mpaka chini, hata matangazo, tukitafuta maandamano, migomo, vurugu za mikutano ya siasa, watu kupigwa, watu kuuawa. Kila tukio lilipata kadi yake. Kadi ilikuwa na visanduku: tarehe, mahali, nani alianza, nani alijibu, walikuwa wangapi, silaha gani, waliojeruhiwa, waliokufa, habari imetoka wapi. Maneno hayakutakiwa, kila kitu kiliingia kwa namba, na namba zilikuwa ndani ya kitabu cha mwongozo chenye jalada la kijani ambacho nilikuwa nimekihifadhi kama sala. Gazeti likiandika "kundi" lilikuwa na namba yake, likiandika "umati" lilikuwa na nyingine. Mwenzangu Kondo, kijana mcheshi aliyekuwa haamini magazeti wala mwongozo, alikuwa akisema, "Mwandishi akiwa na njaa kundi linakuwa umati, akishiba umati unarudi kuwa kundi." Mimi nilikuwa sicheki. Niliamini kwamba tukiandika sawasawa, siku moja hakuna mkubwa atakayeweza kusimama akasema jambo fulani halikutokea.

Kulikuwa na masharti mawili ambayo lazima niyaeleze, kwa sababu ndiyo niliyojificha nyuma yake. La kwanza: mtu hahesabiwi kuwa amekufa katika tukio mpaka vyanzo viwili vithibitishe, gazeti na gazeti, au gazeti na mmoja wetu aliyekuwepo akaona kwa macho yake. La pili: mwandishi wa kadi haandiki tukio linalomhusu mtu wa nyumbani kwake; akiligundua analitaja, anampa mwenzake. Halafu kulikuwa na Ijumaa. Kila kadi ilikuwa ikijazwa na watu wawili, kila mtu peke yake, na Ijumaa mchana baada ya ugali na dagaa wa mama lishe tulikuwa tukikaa uso kwa uso, tunasoma kisanduku kwa kisanduku kwa sauti. Huku ndiko tulikokuita kuoanisha. Zikilingana, Dokta anatia alama. Zisipolingana mnabishana mpaka mmoja anakubali, na Dokta anaandika daftarini nani amekubali. Mie nilikuwa sikubali hata siku moja, na nilikuwa najivunia hilo kupita kiasi. Siku moja nilimsikia Dokta, kupitia mlango wa chumba chake, akiongea na wazungu wa mradi kwenye simu kuhusu kompyuta iliyokuwa ikija: "Yule msichana ndiye nitakayempa mashine. Hana huruma na data." Nilitembea na sentensi hiyo kifuani mpaka nyumbani, nikalala nayo.

Maji yalikuwa hayajatoka miezi. Wanawake wa mitaa yetu wakapatana waende kwenye ofisi moja ya serikali, sitaitaja ipi, wakae nje na ndoo tupu, wazipige kama ngoma na kuimba mpaka mtu atoke aseme neno. Asubuhi ile Zuhura aliingia bila hodi kama kawaida yake. "Tekla, toka huko, chukua ndoo twende. Au maji yako wewe yanatoka kitabuni?" Nilikuwa nimeshapanga kwenda, lakini kwa daftari. Hatukuwa tumewahi kupata tukio ambalo mmoja wetu amelishuhudia, na mimi nilikuwa nalo, mlangoni kwangu, linanipigia kelele. Nikamwambia siruhusiwi kuingia kwenye jambo ninaloliandika. Akanitazama kidogo, hakukasirika. "Basi usimame karibu uone vizuri," akasema, akamwachia mama yake mtoto, akaondoka na ndoo ya bluu.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, penye duka la mafuta ya taa. Nilihesabu wanawake kwa mistari kama mwongozo ulivyofundisha. Walikuwa wakiimba nyimbo za unyago, zile za matusi ya kuchekesha, wameweka jina la ofisi mahali pa jina la bwana harusi, na hata mwenye duka alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu. Nikaandika: hawana silaha. Kisha lori la askari likaja, na mambo yakaenda haraka. Niliandika saa. Niliandika virungu. Zuhura alikuwa mstari wa mbele, na ndoo ilipomtoka aliinama kuiokota. Askari akampiga ubavu wa kushoto mara mbili, kisha kwa kiatu mara moja. Aliinua uso, akaniona. Aliniita, "Tekla!" kama mtu anavyomwita nduguye aje amshikie mzigo. Barabara yenyewe ilikuwa ya hatua kumi na tano. Nikaandika: mwanamke mmoja ameanguka. Wanawake wengine ndio waliombeba, wakapita naye mbele yangu, na mmoja wao, jirani yetu tuliyemwita Mama Chausiku, akanitemea mate karibu na miguu.

Dokta aliisoma ripoti yangu akiwa amesimama, halafu akaketi, akaisoma tena. Aliwaita wengine. "Hivi ndivyo mtu anavyotazama," akasema. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kwamba yule mwanamke aliyeanguka ni wa nyumba ninayoishi, tunakula sahani moja. Ningepoteza kadi ile, basi, Kondo angeichukua. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kadi iwe yangu.

Zuhura alikaa ndani siku zile akisema ni maumivu tu, yatapoa. Alikuwa akilala ubavu mmoja, anakunywa uji wa mama yake, na nikirudi jioni ananiita kutoka chumbani, safari hii mimi ndiye ninayepiga hodi. "Umenihesabu kwenye kitabu chako?" Nikamwambia nimemhesabu. "Umeandika nilikuwa mbele?" Nikamwambia ndiyo, na ile ilikuwa kweli. Siku ya kumi akawa mweupe kucha na midomo. Siku ya kumi na moja akafia hospitali, na karatasi waliyotupa ilisema malaria kali na upungufu wa damu. Mkunga mmoja mzee aliyekuja kumwosha alitoka uani akajifuta mikono, akamwambia Bi Mwanaidi mbele yangu, "Huyu hakufa kwa homa. Tumbo lilijaa damu. Mie nimeosha watu wengi."

Baada ya siku tatu za msiba Bi Mwanaidi aliingia chumbani kwangu. Alikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Kwao, siku ya hitma, majina ya marehemu huandikwa kwenye karatasi akapewa mwalimu, naye huyasoma yote kwa sauti kabla ya dua, moja moja, ili pasiwe na aliyesahauliwa. Karatasi aliyonipa ilikuwa hivyo hivyo, ila ilikuwa na jina moja. Zuhura binti Salum. "Mwanangu," akasema, "hospitali wameandika homa. Kwenye ile ofisi wameniambia hakuna aliyepigwa. Umebaki wewe tu. Wewe uliona, na wewe ndiyo kazi yako. Mwandike kwamba amekufa, na amekufa kwa sababu gani. Mie sitaki kingine." Kadi haikuwa na kisanduku cha jina. Nilitaka kumwambia hivyo nikashindwa. Nikaipokea karatasi kwa mikono miwili, nikasema, "Nitamwandika, mama." Ndiyo mara ya kwanza kumwita mama.

Na ingewezekana. Gazeti moja dogo, lile la kurasa nane, lilitoa habari fupi chini kabisa ya ukurasa: aliyepigwa kwenye maandamano ya ndoo amefariki. Hicho ni chanzo kimoja. Cha pili nilikuwa mimi. Ijumaa iliyofuata tulikaa kuoanisha. Kondo alisoma vyake, nikasoma vyangu, alama, alama, alama. Tulipofika kwenye waliokufa Kondo akasema, "Mmoja." Mimi nikasema, "Sifuri." Dokta akainua kichwa. Kondo akaeleza: gazeti linasema amekufa, na ripoti ya Tekla mwenyewe inasema mwanamke alianguka, kwa hiyo ni huyo huyo, hesabu imetimia. Dokta akanigeukia, kwa upole, akaniuliza swali ambalo nimelisikia maisha yangu yote. "Wewe ulikuwepo. Ulimwona akipigwa?" Kama ningesema ndiyo, angeuliza kipigo gani, wapi mwilini, nimejuaje kwamba aliyeanguka ndiye huyu aliyetajwa gazetini, na jibu lingenipeleka moja kwa moja mpaka kwenye chumba changu cha mwisho kushoto. Angejua kwamba nimevunja sharti, na kwamba nimeficha wiki tatu. Mashine ilikuwa imeshafika, iko ndani ya boksi lake pale pale sebuleni, bado imefungwa kamba. Nikasema, "Sikuona vizuri. Watu walikuwa wengi." Kondo akanikazia macho. Alikuwa anajua ninakaa Tandika. Sijui kama alijua zaidi. "Mie nakubali," akasema polepole, "lakini sikubaliani." Dokta akaandika daftarini kwamba Kondo amekubali. Kisha akasema, akiwaambia wengine, kwamba huo ndio uaminifu: aliyekuwepo ndiye anayekataa kuandika asichokiona.

Jioni ile Bi Mwanaidi alikuwa amekaa ukumbini kwenye kigoda. Hakuniuliza kwa mdomo. Nikasema, "Tayari, mama. Nimemwandika." Akafunika uso kwa ncha ya khanga, halafu akainuka akamwita kijana wa jirani amchinjie kuku. Alichagua yule mweusi aliyekuwa akitaga kila siku. Akapika wali wa nazi, na kuku wa kuchemsha kisha akarudishwa kwenye nazi, akaniletea chumbani chini ya kawa, na mapaja yote mawili yalikuwa kwenye sahani yangu. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, bakuli la kwanza la futari lilikuwa linakuja kwangu, mimi nisiyefunga. Nilipewa mashine. Nilifundishwa, nikafundisha wengine, nikahamia Kinondoni kabla ya mwaka kwisha. Kadi zote niliziingiza mwenyewe kwenye kompyuta, na ile ya ndoo ilipofika mkononi niliiingiza kama nyingine, nikabonyeza sifuri, nikaenda kwenye inayofuata. Karatasi yenye jina niliitia ndani ya kitabu cha kijani, na kitabu sijui kilibaki nyumba gani katika kuhamahama kwangu. Hata hilo sikulitunza.

Jumapili nilikwenda Tandika. Nyumba ni ile ile, wameipiga rangi, pipa limeondoka, bomba liko uani na linatoa maji. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, sisi ndani kwenye mikeka, nikajifunika khanga nikakaa karibu na ukuta. Ustadhi alianza kusoma majina kwa kipaza sauti. Mwanaidi binti Kombo. Salum bin Ally. Zuhura binti Salum. Wengine niliokuwa siwajui. Halafu nikasikia, bila kusita hata kidogo, Yustina binti Mattei. Hilo ni jina la mama yangu mzazi, aliyezikwa na padri, kijijini kusini. Bi Mwanaidi alikuwa amekuja kwenye msiba ule, safari ya siku mbili, na aliniuliza jina lake kamili. Nilidhani ni maswali ya msibani tu. Msichana mmoja akanong'ona, "Yustina ndiyo nani tena?" Mama Chausiku, mzee sasa, macho yamefifia na hakunitambua, akamjibu bila kushusha sauti: "Mama yake yule Tekla mpangaji. Mwanaidi alikuwa anamtia kila mwaka, ustadhi kakataa mpaka kachoka. Alikuwaga anasema, Tekla kamwandika mwanangu kwenye kitabu chao, nami namwandika mama yake kwenye cha kwetu." Nikainamisha kichwa. Waliokuwa karibu walidhani nalia kwa uchungu wa msiba, wakanipapasa mgongo, na mimi nikawaacha wanipapase.

Baada ya pilau Mwanahawa alinishika mkono, akanipeleka uani. Ni mwalimu wa sekondari sasa, mwanamke mtulivu, ana paji la uso la Zuhura. Akatoa simu. "Mwalimu mwenzangu alinisaidia kutafuta," akasema. "Ile kazi yenu wameiweka yote mtandaoni. Nilitaka nimwonyeshe bibi kabla hajafa. Nimelipata tukio la ndoo, tarehe ndiyo yenyewe. Wanawake, maji, virungu. Lakini kwenye waliokufa imeandikwa sifuri. Bibi sikumwambia. Nikasema labda ipo kadi nyingine. Ipo, mama mdogo?"

Tangu Jumatatu nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitengeneza vizuri: kwamba kompyuta za zamani zilipoteza mambo, kwamba kadi yenyewe ilisema mmoja na kosa likatokea wakati wa kunakili. Lingekubalika. Nililiweka mdomoni, na jina la mama yangu lilikuwa bado masikioni.

"Hakuna nyingine," nikasema. "Hiyo ndiyo kadi. Niliijaza mimi."

"Kwa hiyo hukuona akipigwa."

"Niliona."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliniita jina."

Nikamweleza yote, mashine, Kondo, sharti, karatasi. Nilisita mara nyingi, sentensi zikanikatikia, na yeye aliyekuwa akiwamalizia watu sentensi zao hakunimalizia hata moja. Alingoja kila neno nilitoe mwenyewe. Nilipomaliza alizima simu, akaishika kwa mikono miwili. Ndani walikuwa wakiosha masufuria.

"Nakumbuka ile jioni," akasema. "Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Bibi alimchinja kuku wetu mweusi, mie nikalia, akaniambia ni wa mama mdogo Tekla, amefanya jambo kubwa. Mie ndiye niliyegonga mlango wako."

"Ndiyo."

"Ukala?"

"Nikala," nikasema. "Mpaka nikaongezewa."